Kurushiana Nyimbo na Filamu kwa Simu: Haki za Msanii na Mipaka ya Mtumiaji Masasi na Newala

Katika miji ya Masasi na Newala, mkoani Mtwara, wimbo mpya hausubiri kupigwa redioni ndipo ujulikane. Hurushwa kutoka simu moja kwenda nyingine kwa Bluetooth au kwa programu za kurushia mafaili kama Xender, bila kutumia bando, na baada ya muda mfupi huwa umefika stendi, mnadani, kwenye maghala ya korosho na katika simu za madereva wa bodaboda. Asiye na wa kumrushia hupeleka memori kadi au flashi yake kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo, akalipa fedha kidogo na kuondoka na mamia ya nyimbo pamoja na filamu kadhaa.

Katika mzunguko huo wa fedha na nakala, mwenye kibanda hupata, muuza memori kadi hupata, na msikilizaji hupata burudani yake. Mtunzi wa wimbo, aliyelipia studio kwa fedha za msimu wa korosho au kwa kukopa, ndiye ambaye mara nyingi hapati kitu. Hali hiyo inagusa sheria mbili za nchi ambazo wananchi wengi wamezisikia kwa majina tu: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Kurushiana ni nini hasa

Kwa lugha ya kitaalamu, kurushiana ni kubadilishana mafaili kati ya kifaa na kifaa bila kupitia ghala la kati. Utaratibu huu ulipata umaarufu duniani mwaka 1999, ilipoanzishwa programu ya Napster nchini Marekani, iliyomwezesha mtu kuchukua wimbo moja kwa moja kutoka katika kompyuta ya mwenzake asiyemjua. Kampuni za muziki zilifungua mashtaka, mahakama ikatoa amri dhidi ya Napster, na mwaka 2001 huduma hiyo ikazimwa. Mwaka huohuo ilitokea BitTorrent, ambayo hulikata faili katika vipande vidogo na kumfanya kila anayepokea kipande aanze papo hapo kukigawa kwa wengine. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa anayesambaza programu kwa lengo la kuwahamasisha watu kukiuka hakimiliki anaweza kuwajibishwa kwa ukiukwaji huo. Mwaka 2009 mahakama ya Stockholm, Sweden, iliwatia hatiani watu wanne waliohusika na tovuti ya The Pirate Bay.

Kesi hizo ziliamuliwa mbali, lakini kiini chake kinaonekana wazi katika kijiwe chochote cha Newala: kila mpokeaji ni msambazaji. Msanii akimrushia rafiki zake 10 wimbo wake, na kila mmoja akawarushia wengine 10, kisha hao nao wakafanya vivyo hivyo, kwa hatua tatu tu zimepatikana nakala 1,110. Hakuna duka lililouza nakala hizo, wala mahali zilipoandikwa. Tena, kwa kuwa simu na simu huwasiliana zenyewe bila intaneti, hata kampuni ya simu haiwezi kujua kilichopita. Nje ya nchi wenye haki waliweza kuwafuata wahusika kupitia anwani zao za mtandao. Katika kurushiana kwa Bluetooth alama hiyo haipo.

Ifahamike kuwa teknolojia yenyewe si kosa. Mwalimu anayewarushia wanafunzi notsi alizoandika mwenyewe, ofisa ugani anayewarushia wakulima video ya kupulizia mikorosho, au familia inayorushiana picha za harusi yao, wote hao wako ndani ya haki yao. Kinachoangaliwa na sheria ni kilichomo ndani ya faili, nani anakimiliki, na nakala imetengenezwa kwa madhumuni gani.

Sheria inamlinda nani na tangu lini

Sheria ya mwaka 1999 ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1966. Ilitungwa katika Awamu ya Tatu, chini ya Rais Benjamin William Mkapa, mzaliwa wa Lupaso wilayani Masasi, miaka mitano baada ya Tanzania kujiunga na Mkataba wa Berne unaolinda kazi za fasihi na sanaa kimataifa. Ndiyo iliyoweka msingi wa Chama cha Hakimiliki Tanzania, COSOTA, ambacho kutokana na marekebisho ya sheria sasa ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania kwa kifupi hichohicho.

Jambo la kwanza ambalo wasanii wengi hawalifahamu ni kwamba hakimiliki haitolewi na ofisi yoyote. Huzaliwa pamoja na kazi. Kijana wa Masasi anapotunga wimbo na kuurekodi, hata kwa simu, tayari ni mwenye haki, na haki hiyo hudumu katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake, ambapo warithi wake ndio wanaoishika. Kuisajili kazi COSOTA hakuumbi haki. Huupa umiliki ushahidi. Tofauti hiyo huonekana ndogo mpaka siku mtu mwingine anapojitokeza kudai kuwa wimbo ni wake.

Haki zenyewe ziko za aina mbili. Zipo za kiuchumi: kunakili, kusambaza, kutafsiri, kuonesha au kuimba hadharani, na kutangaza. Zipo pia za kimaadili, yaani jina la mtunzi kutajwa na kazi yake kutopotoshwa kwa namna ya kumvunjia heshima. Ndiyo maana kufuta jina la msanii kwenye faili la wimbo na kuweka jina la kibanda au la DJ, jambo linaloonekana sana katika nyimbo zinazozunguka kwenye memori kadi, ni ukiukwaji hata kama hakuna aliyelipishwa.

Mpaka uko wapi

Sheria haimkatazi mwananchi kila kitu. Kazi ikiwa imechapishwa kihalali, mtu anaweza kujitengenezea nakala kwa matumizi yake binafsi, kama vile kuhamisha wimbo alioununua kutoka kompyuta kwenda kwenye simu yake. Inaruhusiwa pia kunukuu sehemu ya kazi kwa kiasi kinachofaa na kwa kutaja chanzo, na yapo matumizi ya kufundishia na ya kuripoti habari yaliyowekewa masharti.

Msamaha huo wa matumizi binafsi hauvuki mlango wa mtu mwenyewe. Nakala inapotoka kwa aliyejitengenezea na kuanza kugawiwa kwa umma, si ya binafsi tena. Kibanda kinachojaza memori kadi za wateja kwa malipo hakimo katika msamaha kwa namna yoyote: kinanakili kazi za watu wengi, kinazisambaza, na kinafanya hivyo kama biashara. Kusema kwamba mteja amekuja na memori kadi yake mwenyewe hakubadilishi jambo, kwa kuwa kinachouzwa pale si memori kadi bali ni nyimbo.

Sheria ya Makosa ya Mtandao inakwenda mbali zaidi, na hapa ndipo wengi hushangaa. Kifungu cha 24 kinakataza kutumia mfumo wa kompyuta kwa nia ya kukiuka haki za ubunifu zinazolindwa na sheria nyingine yoyote. Anayetiwa hatiani kwa kufanya hivyo bila lengo la biashara anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Ikiwa ni kwa biashara, faini haipungui shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka mitano, au vyote viwili. Kwa hiyo, dai la «sikuuza, niligawa bure tu» linaweza kupunguza adhabu lakini halifuti kosa. Maneno «kwa nia» nayo yana uzito wake: aliyepokea wimbo kijiweni bila kujua ulikotoka hayuko sawa na anayeendesha kundi la Telegram lenye maelfu ya wanachama na kuweka humo filamu mpya kila wiki.

Yafaa kusema wazi kuwa vijana wanaoendesha vibanda hivyo, wengi wao, wanatafuta riziki na hawajioni kuwa wezi. Biashara hiyo imekuwapo machoni pa watu tangu enzi za kanda za kaseti na baadaye kuchoma CD. Hata hivyo, mazoea hayageuki kuwa leseni, na viwango vya adhabu vilivyotajwa hapo juu ni vikubwa kuliko mtaji wa kibanda chochote cha aina hiyo.

Mabanda ya video yana sheria yake ya ziada. Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, filamu inayooneshwa hadharani inapaswa kuwa imekaguliwa na kupewa kibali, na sehemu ya maonesho inapaswa kuwa na leseni. Kibali hicho ni kitu kimoja na ridhaa ya mwenye filamu ni kitu kingine. Banda linahitaji vyote viwili. Filamu za nje zilizoingizwa maelezo ya Kiswahili na watafsiri wetu, ambazo zina wapenzi wengi vijijini, nazo ziko katika swali hilohilo, kwani kutafsiri ni haki ya mwenye kazi. Umahiri wa mtafsiri ni mkubwa na unastahili kulipwa, ila haumpi umiliki wa picha.

Kwa vitabu vya shule, njia halali ipo na haina gharama ya kununua kitabu. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba mtandao yake, hivyo mzazi au mwalimu hana sababu ya kurushiana nakala zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, mara nyingi zikiwa na kurasa pungufu.

Msanii anayetaka kurushwa

Upo upande wa pili ambao hausemwi vya kutosha. Msanii chipukizi wa Newala hana fedha za matangazo, na kurushiana ndiyo redio yake. Wengi hupeleka nyimbo zao wenyewe kwenye vibanda na kwa ma-DJ wa sherehe wakiomba zisambazwe, wakitumaini kuitwa kwenye maonesho ambako ndiko kwenye malipo. Mkoa wa Mtwara umemtoa Harmonize, ambaye alilipa kundi lake jina la Konde, na kila kijana anayeingia studio anaijua njia hiyo kwa kuisikia.

Sheria haimzuii msanii kugawa kazi yake bure, kwa kuwa haki ni yake na anaweza kuitoa kwa kiasi anachotaka. Tatizo ni kwamba ruhusa hizo hutolewa kwa mdomo. Mwaka wa kwanza anafurahi wimbo ukisikika kila mahali. Mwaka wa tatu, jina likishakua, anataka kuuza, na hana pa kuonesha alichoruhusu na alichokataa. Karatasi moja inayotaja jina la wimbo, nani ameruhusiwa, kwa matumizi gani na kwa muda gani, ikasainiwa na pande zote mbili, inatosha kuondoa utata huo.

Karatasi ya namna hiyo inahitajika kwanza studio. Mtunzi wa mashairi, mtayarishaji wa mdundo, mwimbaji na aliyegharimia kurekodi wanaweza kuwa watu wanne tofauti, na kila mmoja ana haki yake katika wimbo huohuo. Makubaliano yasipoandikwa, prodyuza anaweza kuuza mdundo uleule kwa msanii mwingine, au mwimbaji akagundua kuwa faili halisi la wimbo wake limebaki kwenye kompyuta ya mtu ambaye hawaelewani tena.

Thamani ya nyaraka ilionekana mwaka 2016, pale Mahakama ya Wilaya ya Ilala jijini Dar es Salaam ilipoamuru kampuni moja ya simu iwalipe wasanii Hamisi Mwinjuma, anayejulikana kama Mwana FA, na Ambwene Yesaya, AY, zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao kama miito ya simu bila ridhaa yao. Shauri hilo liliendelea katika ngazi za rufaa. Kwa wasanii wengi nchini, ndipo ilipofahamika kuwa wimbo ulio ndani ya simu ni mali inayoweza kudaiwa mahakamani.

Mirabaha ni njia nyingine ya mapato. Redio, televisheni, hoteli, baa na kumbi zinazotumia muziki hutakiwa kuwa na leseni na kulipia, na fedha hizo hugawiwa kwa wenye kazi zilizotumika. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa nyimbo zilizochezwa na vituo vya utangazaji. Asiyesajili kazi zake hawezi kuonekana katika mgao kama huo, hata kama wimbo wake unapigwa kila asubuhi. Marekebisho ya sheria yaliyofuata yameelekeza kazi ya kukusanya na kugawa kwa taasisi za wenye haki wenyewe, COSOTA ikibaki na usimamizi.

Kwa kuwa kurushiana hakuwezi kuhesabiwa wala kukomeshwa kwa msako, marekebisho ya sheria yameingiza pia tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwa vifaa vinavyotumika kunakili na kuhifadhi kazi za sanaa. Mantiki yake ni rahisi: ikiwa haiwezekani kumfuata kila anayerusha wimbo, basi sehemu ndogo ya bei ya kifaa anachorushia imrudie mbunifu. Nchi nyingi za Ulaya zimetumia utaratibu wa aina hiyo tangu enzi za kaseti tupu. Mwananchi asichukulie kuwa tozo hiyo ni kibali. Kulipia kifaa hakumpi mtu ruhusa ya kuuza nyimbo za wengine.

Ngoma, unyago na kazi zisizo na mtunzi mmoja

Katika eneo hili lipo suala ambalo miji mikubwa hailijui sana. Nyingi kati ya sauti zinazorushwa Masasi na Newala si za studio. Ni ngoma za Wamakonde, Wayao na Wamakua: sindimba, ngoma za vinyago, nyimbo za jando na za unyago, zilizorekodiwa na mtu aliyesimama pembeni na simu.

Kurekodi huko si jambo la jana. Mwaka 1906 Karl Weule, mtafiti Mjerumani kutoka jumba la makumbusho la Leipzig, alipanda kutoka Lindi hadi Masasi na kisha Newala, kwenye uwanda wa juu wa Makonde, akiwa na kamera, mashine ya kupigia picha za sinema na fonografu iliyonasa sauti kwenye silinda za nta. Alirekodi nyimbo na ngoma za wenyeji, akashuhudia sherehe za unyago, akarejea Ujerumani na sauti hizo na mwaka 1908 akachapisha kitabu juu ya safari yake. Walioimba mbele ya mashine ile hawakuwa na sheria yoyote ya kuwalinda wala namna ya kujua sauti zao zingefika wapi.

Leo sheria ipo. Sehemu ya Tatu ya Sheria ya Hakimiliki inalinda sanaa za jadi, ambazo hazina mtunzi mmoja bali ni urithi wa jamii. Wenyeji wanaendelea kuzicheza na kuziimba katika mazingira yao kama walivyozoea. Kinachohitaji kibali cha mamlaka husika ni kuzichapisha, kuzinakili na kuzitumia kwa lengo la kupata faida nje ya mazingira hayo, na chanzo chake kinapaswa kutajwa. Prodyuza anayekata kipande cha ngoma ya unyago na kukiweka kwenye mdundo wa kuuza anaingia katika masharti hayo, hata kama ni mzaliwa wa kijiji hichohicho.

Kwa unyago kuna jambo zaidi ya malipo. Nyimbo zake nyingi hazikukusudiwa kusikika nje ya wanaohusika, na video za wari zikirushwa hubeba sura za watoto wa kike ambao hawakuulizwa. Hapo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inahusika, sambamba na sheria za kumlinda mtoto. Makungwi wanaokataza simu kuingia kwenye shughuli wako upande wa sheria.

Pa kupeleka kazi na malalamiko

Msanii anayetaka kusajili kazi anapaswa kuwa na nakala ya kazi yenyewe, kitambulisho, na majina ya wote walioshiriki kuitengeneza. Maelekezo ya awali yanaweza kupatikana kwa Ofisa Utamaduni wa halmashauri, ambaye yupo katika Halmashauri za Miji ya Masasi na Newala na katika Halmashauri za Wilaya hizo, kabla ya kuwasiliana na COSOTA.

Kazi ikikutwa imewekwa kwenye tovuti au ukurasa wa mtandaoni bila ridhaa, Sheria ya Makosa ya Mtandao inampa mwenye haki nafasi ya kumwandikia mtoa huduma akitaka iondolewe. Barua hiyo itaje kazi, mahali ilipowekwa, na haki inayokiukwa. Mtoa huduma halazimiki kuchunguza kila kinachopita katika mitambo yake, lakini akishaarifiwa ipasavyo na kukaa kimya, kinga yake hulegea. Picha za skrini zenye tarehe zihifadhiwe kabla ya kuandika barua, kwa sababu ukurasa ukishafutwa ushahidi huondoka nao. Malalamiko ya jinai hupelekwa kituo cha polisi, na madai ya fidia mahakamani.

Hakimiliki si suala la Muungano. Msanii wa Newala ambaye nyimbo zake zinauzwa au kutangazwa Unguja na Pemba atahitaji kuwasiliana na taasisi ya huko, COSOZA, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003.